Sura ya 6: Kompyuta ya Ofisi Kuwa Mashine ya Gemu

Kwa wakulima wa chai wa Kericho na Bomet, Oktoba ni mwezi wa bonasi, na kijana anayependa gemu anajua huo ndio wakati wa kuwaomba wazazi kompyuta. Mpya ya gemu ni ghali mno. Lakini kwa wauzaji wa mitumba ya kompyuta, zile zilizotumika kwenye ofisi za Uingereza, kuna mashine zenye uwezo mkubwa kuliko zinavyodhaniwa. Ukitaka kuiongezea nguvu mojawapo bila kupoteza pesa, anza na hesabu ya umeme. Kadi ya grafiki ifuate.

Prosesa bado inaweza

Chukua Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Nyingi zina prosesa ya Intel Core i5-3470. Gemu ya Grand Theft Auto V ilipotolewa kwa kompyuta Aprili 2015, watengenezaji wake waliitaja prosesa hiyohiyo kati ya vifaa wanavyopendekeza, pamoja na RAM ya GB 8. Basi gemu kama hiyo ikikwama, usiilaumu prosesa kwanza. Kilichokosekana ni kadi ya grafiki, kwa sababu kazi ya barua na hesabu haikuihitaji.

Wati ndizo zinazoamua

Fungua kifuniko usome lebo ya pawa saplai. OptiPlex 7010 ya umbo la mnara ina wati 275; ile nyembamba ina 240. Prosesa imepangiwa wati 77. Tundu la PCIe linalobeba kadi halitoi zaidi ya wati 75, na kadi inayotaka zaidi huhitaji waya wake kutoka pawa saplai, waya ambao mashine nyingi za ofisi hazina.

Kwa hiyo tafuta kadi inayotosheka na tundu peke yake. GeForce GTX 1050 Ti na GTX 1650 zina matoleo ya namna hiyo. Ikague kadi yenyewe kabla ya kulipa, kwani matoleo mengine yana sehemu ya kuchomeka waya wa ziada. Ukiweza kuchagua, chukua mnara: mashine nyembamba hupokea kadi za kimo kifupi tu. Wala usitegemee kubadilisha pawa saplai baadaye. OptiPlex 9020, kwa mfano, hutumia plagi ya pini 8 kwenye madabodi badala ya zile 24 za kawaida.

RAM na diski

Vipande viwili vya RAM vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwa kuwa prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja. SSD huharakisha kuwaka kwa mashine na kufunguka kwa gemu. Haitaongeza fremu kwa sekunde.

Radi za alasiri

Kericho ni nchi ya mvua ya mawe na ngurumo. Ekstensheni ya kawaida haikingi chochote. Mbingu zikianza kunguruma, zima mashine, chomoa plagi ukutani na waya wa intaneti pia.

Pesa zikiwa chache, nunua kwa mpangilio huu: mnara wenye pawa saplai nzima, RAM, SSD, kisha kadi. Anayeanza na kadi mara nyingi hujikuta akitafuta kompyuta nyingine ya kuibeba.