Uongozi ni Amana: Funzo kutoka Kisii na Nyamira

Juma hili tunawaalika wasomaji wetu wa mwambao watupie macho bara, kwenye vilima vya Gusii. Sababu ni kwamba mabinti na vijana wetu wengi wamalizapo chuo huajiriwa na mashirika yasiyotafuta faida, na baadhi yao hupelekwa mbali na nyumbani. Huanza kwa kuandikisha majina na kugawa vifaa. Baada ya miaka michache hutakiwa kuongoza. Hapo wengi hukwama, kwani shahada humpa mtu fani, lakini kushika amana ya watu hujifunza kwingine.

Kisii na Nyamira ni darasa zuri. Katika hesabu ya watu ya 2019, Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 1,266,000, na Nyamira zaidi ya 605,000, juu ya ardhi finyu iliyogawanywa vishamba vya chai na ndizi. Watu wakibanana hivyo, hakuna siri ya kikundi inayodumu.

Stadi ya kwanza ni kusikiliza. Tutazame suala la ukeketaji. Sheria ya 2011 iliupiga marufuku nchini Kenya, hata ukifanywa na mhudumu wa afya. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 84 ya wanawake wa Kikisii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Kijana afikaye kijijini na mabango na karipio atapokewa kwa adabu, kisha hataitwa tena. Aketiye na nyanya wa mji, akazungumza nao kwa Ekegusii na kujua wanamhofia nini mjukuu wao, huyo ndiye atakayemnusuru binti.

Ya pili ni hesabu. Kiongozi si lazima awe mhasibu, ila hana budi kuisoma bajeti, kudai stakabadhi, na kumwuliza mweka hazina swali gumu bila kumvunjia heshima. Shilingi iliyotolewa kwa ajili ya sare za yatima isilipie nauli ya mkutano, hata kama nia ni njema.

Ya tatu ni kuijua sheria. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa mwaka 2013, lakini ilianza kutumika Mei 2024, ikichukua nafasi ya ile ya 1990. Vikundi vya kijamii navyo vina sheria yao ya 2022. Asiyejua shirika lake limesajiliwa chini ya ipi huweza kuamka siku moja akakuta kazi ya miaka haina miguu ya kusimamia.

Ya nne ni kutafuta riziki ya shirika karibu na nyumbani. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya nchini ilikwama na wafanyakazi wakarejeshwa makwao. Wagusii wana desturi ya egesangio, ambapo majirani hulimiana mashamba kwa zamu. Kiongozi mwerevu hujenga juu ya msingi kama huo, kwa michango ya wanachama na miradi midogo, ili mfadhili akiondoka kisima kisikauke.

Ya tano, iliyo nzito kuliko zote, ni kukubali kusimamiwa na kuandaa mrithi. Kamati inayokutana, kumbukumbu zinazoandikwa, na naibu anayejua siri zote za kazi ndivyo humlinda kiongozi na nafsi yake. Shirika linalomtegemea mtu mmoja humfuata kaburini.

Enyi wazazi, hasa akina mama, stadi hizi huanzia nyumbani. Binti akabidhiwe daftari la chama cha familia, aandike kila kilichoingia na kilichotoka, kisha alisome mbele ya shangazi zake. Kijana apewe dhamana ya kuratibu futari ya mtaa, na baadaye aeleze fedha zilivyotumika. Anayezoea kuulizwa akiwa mdogo hatachukia kuulizwa akiwa mkubwa. Watoto kama hao, wakipelekwa Kisii, Nyamira au Lamu, watu watawapa amana zao wakalala usingizi.