Gari Liinuliwe Inchi Ngapi?

Matope ya mbuga hayalikamati gari kwa bodi. Hulikamata kwa tairi na kwa difu. Kwa hiyo swali ambalo mafundi wa Nzega huulizwa kila mvua za Novemba zikikaribia, gari liinuliwe inchi ngapi, limekosewa tangu mwanzo, na kulijibu kwa namba ni kumpotezea mteja fedha.

Kuinua hufanywa kwa spesa, kipande kigumu kinachowekwa juu ya springi, au kwa kuongeza bamba kwenye springi za nyuma. Bodi hupanda, gari likaonekana la kazi. Lakini katika Land Cruiser mkonga difu imefungwa kwenye ekseli, na ekseli hushikwa na magurudumu. Springi iko juu yake. Mwenye gari akipiga goti na futi kamba, akapima kutoka tumbo la difu hadi chini kabla ya kuinua na baada ya kuinua, atapata kipimo kilekile. Na tairi zikizama kwenye mfuo, tumbo hilo ndilo linaloanza kulima udongo. Kinacholipandisha ni tairi kubwa tu, tena kwa nusu: kipenyo kikizidi kwa sentimita 5, difu hupanda sentimita 2.5. Katika Prado na Hilux za miaka ya karibuni difu ya mbele hupanda pamoja na bodi, lakini ya nyuma hubaki palepale, na shafti za mbele hukaa mshazari mno mpaka mipira yake ikachanika na grisi ikamwagika.

Bamba la ziada lina dhara jingine. Springi iliyokakamaa bila mzigo haishuki kufuata shimo, kwa hiyo kwenye njia iliyochimbika gurudumu moja huning'inia. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kushoto na kulia, na gurudumu lililo hewani huzunguka kwa nguvu kidogo sana. Lenzake lililokanyaga ardhi hupewa kidogo hichohicho. Moja linavuma na kurusha tope, la pili limetulia kama jiwe. Mvuto uliokuwa ukitafutwa umeuawa na marekebisho yenyewe. Bamba huongezwa kwa gari linalobeba magunia ya mpunga kila siku, basi.

Ardhi ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Vilima vya Unyamwezi vina mawe na changarawe, miteremko ina kichanga, na mabonde yanayoelekea Manonga na Wembere, yaani mbuga, yana mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, aliueleza mpangilio wa namna hii katika miaka ya 1930. Wakulima Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa na majina ya kila ngazi kabla yake. Safari moja fupi hupita ngazi zote.

Fedha ya kwanza, basi, iende kwenye tairi zenye meno makubwa yaliyoachana. Meno mafupi hujaa mfinyanzi, tairi likawa laini kama chungu ambacho hakijachomwa. Kwenye kichanga upepo ushushwe kutoka psi 35 hadi 20 hivi, tairi lirefuke chini. Hakuna kifaa cha dukani kinachosaidia zaidi, na kushusha upepo ni bure. Fedha ya pili ni loki ya difu ya nyuma, ya kuzungusha magurudumu yote mawili pamoja. Ya tatu ni shokapu na springi zilizochaguliwa kwa uzito halisi wa gari. Kwa mbuga yenyewe, minyororo ya tairi, sepeto, mbao mbili na gia ndogo iliyoingizwa kabla ya kushuka bondeni. Winchi hudai mti wa kufungia, na mbugani mara nyingi hakuna mti. Pampu ndogo ya kuunganishwa kwenye betri isikosekane: tairi la upepo 20 likikimbizwa kwenye lami ya kwenda Tabora hupata moto na huweza kupasuka, kwa hiyo hujazwa pale njia ya vumbi inapokutana na lami.