Kipaza sauti kinapokata televisheni

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, wewe uliyetoka Vamizi na sasa unatazama televisheni na wenzako kambini, huenda umeliona hili. Habari zinaendelea vizuri. Nje mkutano unaanza, kipaza sauti kisicho na waya kinawashwa, na picha inakatika vipande vipande, kisha inaganda. Vijana wanapanda kugeuza antena. Antena haina kosa.

Vipaza sauti vingi vya namna hiyo hutumia masafa yale yale ya televisheni, kati ya megahezi 470 na 694. Nguvu yake ni ndogo, lakini kipo hatua chache kutoka kwako, na mnara wa televisheni uko mbali. Anayenong'ona sikioni humfunika anayekuita kutoka ng'ambo ya mkondo. Televisheni ya zamani ingeonyesha chengachenga. Ya dijitali haina nusunusu.

Kizimeni. Picha ikirudi, mmempata mchawi. Badilisheni chaneli ya kipaza sauti, kama kina kitufe hicho, au tumieni cha waya. Waifai msiilaumu; yenyewe huanzia megahezi 2400. Taa za LED za bei rahisi na chaja za sola husumbua zaidi redio: ukisikia mvumo, sogeza redio mita chache.

Hili si la mpira tu. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, na onyo la kimbunga hupita humo humo. Kuanzia Novemba hadi Aprili, wenye mikutano wakubaliane na wenye televisheni: saa ya habari ikifika, kipaza sauti kinazimwa.