Kitambaa cha maji huharibu vinyago kuliko vumbi

VINYAGO vimejaa katika sebule zetu. Kuna sanamu ya twiga iliyonunuliwa kando ya barabara huko Wamunyu, mzee wa Kimaasai aliyechongwa kwa mpingo, na kiboko wa jiwe la Kisii aliyeletwa na shangazi kutoka Tabaka. Aghalabu huwekwa juu ya kabati na kusahauliwa hadi siku ya wageni, ambapo mwenye nyumba hutwaa kitambaa chenye maji na sabuni na kuvisugua hadi ving'ae.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka kadhaa iliyopita. Kinyago nilichouziwa kwa bei ya mpingo kilitoa weusi hadi kitambaa kikachafuka chote, na chini yake ukajitokeza mti wa rangi ya maziwa. Kilikuwa kimepakwa rangi ya viatu. Hila hiyo ni kongwe, na anayetaka kuikwepa apime uzito kwa mkono kabla ya kulipa: mpingo halisi ni mzito kuliko maji, hivyo hata kipande kidogo hulemea kiganja. Hata hivyo, kinyago hicho kingalikuwa cha mpingo wa kweli, hasara ingalikuwa kubwa zaidi.

Vumbi lenyewe si udongo mtupu. Ni mchanganyiko wa chembe za mchanga, nyuzi za nguo, masizi ya jiko na moshi wa magari, na kwa wakazi wa pwani huongezeka chumvi ya bahari. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko mti na ngumu mno kuliko jiwe la Kisii, kwa hivyo ukizisugua kwa kitambaa zinageuka msasa. Chumvi na nyuzi nazo hunyonya unyevu wa hewa na kuushikilia juu ya kinyago, na penye unyevu na uchafu ukungu hupata makao. Basi ni lazima vumbi liondolewe, ila liondolewe likiwa kavu.

Chombo kinachofaa ni brashi laini ya kupakia rangi ambayo haijawahi kutumika. Kamata kinyago kwenye kiwiliwili, si kwa pembe, mkuki wala shingo, kisha pukutisha vumbi ukianzia juu na kushuka. Mwenye mashine ya kufyonza vumbi aiweke karibu ili ivute kinachopeperuka, bila kuigusisha kwenye mti. Asiye nayo aifanye kazi hiyo barazani. Ufagio wa manyoya ya kuku haufai, kwani manyoya hunasa kwenye vibanzi vilivyoinuka na kuving'oa. Mara moja kwa mwezi yatosha, na penye kabati la vioo muda waweza kuwa mrefu zaidi.

Suala la maji lahitaji kuelezwa kwa kina kidogo. Mti, hata baada ya kukatwa na kuchongwa, huendelea kunywa maji na kuyatoa kulingana na hewa iliyouzunguka. Mti mbichi huwa na maji tele. Unyevu wake ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, nyuzi zake huanza kusinyaa. Sehemu ya nje hutangulia kukauka na kusinyaa ilhali ya ndani ingali imevimba, na mvutano huo ndio unaopasua. Katika nyumba za Ulaya zinazopashwa joto wakati wa baridi kali, unyevu wa mti huweza kushuka hadi asilimia 6 au 8. Ndiyo sababu kinyago kilichonunuliwa Mombasa kikiwa kizima hupasuka kikiwa London.

Wengi humlaumu mchongaji kwa nyufa hizo. Lakini mchongaji hulipwa kwa kinyago, halipwi kwa kungoja. Gogo la mpingo huchukua muda mrefu kukauka, na karo ya shule haingoji. Isitoshe, miti yenyewe imeadimika. Tangu Mutisya Munge wa Wamunyu aliporejea kutoka Tanganyika, alikojifunza uchongaji wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na Wakamba wakaufanya kuwa kazi ya maelfu ya watu, mpingo na muhugu vimekatwa kwa wingi mno hivi kwamba wachongaji wengi wamegeukia mjakaranda, mwembe na mwarubaini. Kinyago cha mpingo ulichoachiwa na babu si kitu cha kuharibiwa kwa uzembe ukitarajia kununua kingine kesho.

Kwa hivyo kinyago kipya kisipelekwe moja kwa moja penye jua au joto. Kizungushie karatasi, kiache katika chumba chenye kivuli kwa miezi michache kikauke polepole. Baadaye kisikae dirishani, juu ya friji, karibu na jiko wala kwenye ukuta unaovuja maji wakati wa masika. Jua hupausha rangi ya mti na ya nakshi, na rangi iliyopauka hairudi.

Miti laini iliyochukua nafasi ya mpingo ina adui mwingine: wadudu wanaobungua mbao. Hupenda sehemu nyeupe ya mti, ile ya karibu na gome, kwa kuwa ina wanga. Utawajua kwa matundu madogo kama ya sindano na unga laini unaoonekana chini ya kinyago kila unapofagia. Wengi hukimbilia mafuta ya taa. Hayo huacha doa na harufu, hukaribisha moto, na mara nyingi hayamfikii funza aliye ndani kabisa.

Majumba ya makumbusho hutumia baridi. Nyumbani, funga kinyago katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ukamue hewa iliyomo, kisha ukiweke kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sufuri kwa majuma mawili. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, ili umande ugande nje ya plastiki badala ya kwenye mti. Njia hii haifai kwa kinyago kibichi, kilichopakwa rangi nzito au kilichopambwa kwa mfupa, maana vitu hivyo havisinyai kwa kiasi kimoja.

Mafuta ya kupikia nayo tuyaachie sufuria. Hung'arisha kwa wiki moja, kisha hunata na kunasa vumbi lote la mtaa. Ikiwa mti umekauka mno, nta ya nyuki kidogo sana, iliyopakwa kwa kitambaa kikavu na kufutwa, inatosha kwa mwaka mzima.

Mawe ya Kisii hayana nyufa za ukavu wala wadudu, lakini huchubuka hata kwa ukucha. Sabuni ya unga na waya wa kusugulia sufuria ni mwiko. Yale yaliyotiwa rangi kabla ya kuchorwa nakshi hupoteza rangi yakioshwa. Vipande vikivunjika, vitunze vyote kwa karatasi hadi upate fundi. Gundi ya haraka ya dukani ikikosewa mara moja ni vigumu kuiondoa bila kuharibu jiwe.

Kuna sanamu ambazo shauri hili lote haliyahusu maisha yake. Vigango vya Mijikenda husimikwa kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu, na desturi yataka viachwe papo hapo hadi mvua na mchwa wavimalize. Vingi viliibwa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Mnamo 2007 viwili vilirejeshwa kutoka Marekani, na mwaka 2019 vikaja vingine vipatavyo 30 vilivyokuwa katika jumba la makumbusho la Denver. Ukikuta kigango dukani, usikinunue kwa nia ya kukiokoa. Ulikuwa wizi, na kabati lako la vioo halitaugeuza kuwa hifadhi.

Jambo la mwisho hupuuzwa na karibu kila mtu. Wachongaji wetu hawana mazoea ya kutia sahihi, na mnunuzi akifariki hakuna anayejua kinyago kilitoka wapi. Andika jina la mchongaji, mahali, mwaka na aina ya mti kwenye karatasi, uiweke chini ya kinyago bila kuigundisha. Tumia kalamu ya risasi, kwani wino husambaa karatasi ikipata unyevu.