Hela Ikielea Sumbawanga

Oya wanangu, kama hujawahi kuamshwa na simu saa nane usiku Sumbawanga, mwezi wa saba, usiniletee stori za baridi. Nipo likizo kwa bi mkubwa, Kizwite, nimejifunika mablanketi mawili na koti la dingi juu, nimezima mazima. Simu inaunguruma chini ya mto. Siyo demu, siyo mshikaji kakwama Tunduma hana nauli. Ni mashine. Mashine za ofisini Dar, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa, zinanipigia kusema kuna kitu kimebuma.

Kitaa wakiniuliza napiga mishe gani, nasema nipo benki. Basi, washaniona na tai, nyuma ya kioo, nahesabu misimbazi. Kuna mwana aliniomba mkopo wa bodaboda hapo hapo kijiweni. Ukweli ni kwamba sijawahi kushika hata buku ya mteja. Mimi ni devopsi: kazi yangu seva zisilale, toleo jipya la programu lipande bila kuumiza mtu, na likizingua lishuke fasta kabla mteja hajashtuka. Siku mambo yakiwa fresh hakuna anayejua kama nipo duniani. Dingi mpaka leo anaamini natengeneza ATM, na nimechoka kumbishia.

Halafu benki siyo sehemu ya kujimwambafai. Washkaji zangu walioko kwenye vikampuni vya apu wanapandisha toleo mara tano kwa siku wamevaa kaptula. Kwetu, kubadilisha mstari mmoja unaombewa kikao. Anayeandika siye anayeidhinisha, kama kasiki la tawi lenye funguo mbili mikononi mwa watu wawili. Tarehe za mishahara hugusi kitu, hata kama mkono unawasha. Na usiku, wakati nyie mmelala au mnakula bata, ndipo mfumo unafunga siku: kila shilingi iliyotoka inatafutiwa mahali ilipoingia. Misala mingi huzaliwa saa hizo.

Usiku ule msala ulikuja na jina zuri tu: miamala pacha. Wateja kadhaa wa vijijini wamekatwa mara mbili kwa utoaji mmoja. Nikabonyeza swichi niwashe taa nifungue laptopu, giza. Umeme umesepa, na waifai ya nyumbani imesepa nao.

Hapa mtu wa Dar anayeijua Sumba kwa uchawi tu lazima ataropoka, "Mmerushiana radi tena huko?" Wanangu wa Rukwa tushazoea. Mwezi wa saba ni kiangazi, radi itoke wapi? Na wazee wa Kifipa wanakwambia jina la mji lenyewe ni amri: sumba wanga, tupa uchawi. Ya umeme ni stori nyingine. Miaka nenda rudi mkoa ulikaa nje ya Gridi ya Taifa, umeme tunauvuta kutoka Zambia, jenereta za dizeli zikisaidia. Zambia ikikauka maji, sisi huku tunatafuta mishumaa. Ndiyo maana wana walikuwa wanaiongelea ile laini ya kilovolti 400 iliyokuwa ikijengwa kutoka Iringa, Mbeya, Tunduma mpaka Sumbawanga kama mtu anayemsubiri mchumba. Mimi nimejifunza tu kulala na laptopu imeshiba chaji na bando liko hai.

Nikawasha hotspoti, nikaingia kwenye logi. Dakika ishirini za kusoma mistari, macho yananitoka. Halafu nikamwona mchawi. Alikuwa mimi.

Turudi nyuma kidogo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, intaneti ya nchi nzima ikaanza kuchechemea. Tangu siku ile nina ugonjwa: naogopa ombi la mteja kupotea njiani. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya likizo niliweka kanuni, nikaidhinishiwa, nikavimba kabisa. Kimashine cha wakala wa benki kikituma ombi, jibu lisipofika ndani ya sekunde kumi, kitume tena chenyewe. Tuliijaribu Dar, Posta pale, mtandao unapepea. Jibu linarudi sekunde mbili. Safi kama nyota.

Sasa kipeleke kimashine hicho hicho Laela, au bondeni kule Kirando kando ya Tanganyika, mnara mmoja unahudumia dunia nzima. Ombi la kwanza linafika vizuri tu, hela inakatwa, ila jibu linatembea kwa miguu. Sekunde ya kumi kimashine kinasema huyu kapotea, kinatuma lingine, tena kwa namba mpya ya muamala. Benki itajuaje kuwa ni mtu yule yule? Inakata tena. Lingekuwa na namba ile ile, mfumo ungesema hili nishalifanya, tulia. Kitu cha kitoto kabisa, na mimi na mishahara yangu yote ya utaalamu sikukiona.

Kosa langu halikuwa kwenye mistari, lilikuwa kichwani. Mtu wa seva amezoea mbili: imepita, imegoma. Taimauti, yaani muda kuisha bila jibu, mimi niliihesabu kuwa imegoma. Kumbe taimauti haisemi imegoma. Inasema sijui. Hela inaelea.

Nikampigia mchizi wa zamu Dar, tukakubaliana tuizime ile kanuni. Ila lazima mkubwa aidhinishe, na mkubwa hapokei. Baridi imenikaba hadi vidole vinagoma kuandika, nikahamia jikoni kwenye makaa ya jioni. Bi mkubwa akaamka, akanikuta nimeinamia laptopu, mwanga wa kioo usoni.

"Mwanangu, hiyo benki gani inayofanya kazi saa za wanga?"

"Mama, tunafunga hesabu tu."

"Hesabu za haki hufungwa mchana." Akachochea moto, akabandika chai, akakaa. Hakuuliza tena.

Basi pale motoni nikawakumbuka wafua chuma. Nyie mnaojua Sumba kwa uchawi tu, someni. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru ndefu za udongo zinazompita mtu kimo, bila mivukuto. Upepo unajivuta wenyewe kwenye matundu ya chini, moto unakwenda siku nzima na usiku wake na zaidi. Fundi mkuu haendi kulala kwake. Anakesha pale na watu wake, akisoma moshi na rangi ya moto, na kapu lake la dawa la kulinda tanuru dhidi ya wenye nia mbaya. Zamu, dashibodi, sekuriti, vyote hivyo, na hakuna aliyempa posho ya intaneti. Kikitoka, chuma chenyewe bado ghafi, kinapelekwa tanuru dogo kusafishwa. Walikuwa hawaamini mzigo wa kwanza. Mimi niliuamini.

Mkubwa akapokea karibu saa kumi. Tukaishusha kanuni. Kurudisha hela za watu ni kazi ya siku nyingine na idara nyingine, maana lazima ujue nani alipokea nini kweli, na mashine ishakwambia haijui.

Asubuhi nikazama sokoni. Msimu wa mahindi Sumba inachangamka kinoma: malori, magunia, wakulima wamelipwa kwenye akaunti na wanataka keshi ya mkononi leo hii. Kwenye kibanda cha wakala mmoja, mama wa makamo ninayemwita shangazi, kulikuwa na mzee kasimama, koti la mvua kwenye jua, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mjukuu. Nimetoa laki tatu, simu inasema nimetoa laki sita. Hizo nyingine kala nani?"

Wanangu, nilitamani ardhi ya Ufipa inimeze. Ofisini yule alikuwa mstari mmoja kwenye logi, mwekundu, wa kumi na kitu kutoka juu. Hapa ana miguu yenye vumbi na mbolea ya kununua.

Shangazi wala hakupaniki. Akavuta daftari kubwa la mistari, kona zimeliwa, kalamu imefungwa na uzi. Kila muamala kauandika kwa mkono: saa, kiasi, namba nne za mwisho. Pembeni alama. Vema, imepita. Mkasi, imegoma. Na nyingine, chache, alama ya kuuliza.

"Hii ya mzee jana ilikwama," akasema. "Kikaratasi kimoja kikatoka, floti yangu ikaongezeka mara mbili. Laki tatu siyo yangu. Nimeiwekea ulizo, sijaigusa."

Nikamuuliza hiyo alama alifundishwa wapi. Akanicheka. Siku za kwanza za kazi aliwahi kumpa mtu hela kabla ya meseji kufika, muamala ukagoma, akalipa mfukoni mwake. Mara nyingine alimrudisha mtu akidhani imegoma, kumbe imepita, mtaa mzima ukamwita mwizi. Tangu hapo, kama hajui anaandika hajui. Asubuhi anapiga simu, anauliza moja moja.

Kwa lugha ya ofisini hiyo ni hali ya tatu ya muamala, na ni kitu ambacho timu yangu ilikuwa inakwenda kukijenga kwa miezi. Mimi nilikosa lugha zote. Nilijikuta namwambia mzee hela yake itarudi, avute subira siku mbili tatu, na akaniangalia kama anayeuliza wewe nani hasa. Sikumjibu. Ujasiri wa kusema ni mimi niliyekukata sikuwa nao, na sijisifii.

Badala yake nikamgeukia shangazi. Nikamwomba nipige picha ule ukurasa wenye maulizo, niutume Dar, utaokoa kazi ya wiki nzima.

"Wewe ni wa benki?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kitambulisho?"

Nilikiacha Kizwite, ndani ya koti la dingi.

"Hizi ni siri za wateja, baba," akasema. Akafunga daftari, akaliweka kwenye kiti, akalikalia.