Je, Wajua? Mwanga wa usiku husogeza saa ya ubongo

Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ziko karibu na Ikweta, hivyo jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi mwaka mzima. Mwanga huo ndio unaorekebisha saa ya mwili: seli zipatazo 20,000 ndani ya ubongo. Mwanga ukiingia jichoni, neva humwaga kemikali ya glutamati kwenye seli hizo. Ikimwagwa mapema usiku, saa hurudi nyuma na usingizi huchelewa. Ikimwagwa karibu na alfajiri, saa husogea mbele. Mchimbaji wa koltani wa Rubaya, Masisi, au wa bati wa Bisie, Walikale, akikesha shimoni, jua la asubuhi humvurugia usingizi wa mchana. Tumwachie chumba chenye giza na utulivu. Kulala kwake mchana si uvivu.