Mbio za Nyanda za Juu na Ngome Inayorudi Nyuma

Wapenzi wa kandanda wa hapa Visiwani wamezoea kuamini kwamba timu za Mbeya na Iringa hushinda nyumbani kwao kwa sababu ya baridi na hewa nyepesi. Timu ya pwani ikipanda huko na kurudi na mabao mawili mgongoni, udhuru huwa umekwisha tungwa kabla basi halijateremka mlima Kitonga. Ni kweli kwamba Mbeya imeinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na Iringa haipungui sana hapo. Mimi mwenyewe, nilipotumwa huko kwa kazi za Chama, nilipumzika mara mbili katika kupanda kilima ambacho watoto wa shule walikuwa wakikipanda huku wanaimba. Lakini hewa haifungi bao. Lau ingekuwa inafunga, Tukuyu Stars ya Rungwe ingetwaa ubingwa wa nchi kila mwaka, wala isingekuwa mara moja tu, mwaka 1986.

Kinachostahili kuchunguzwa ni uchezaji wenyewe. Aghalabu timu za kule hupenda kandanda ya mbio. Mpira ukinyang'anywa katikati ya dimba hauzungushwi kwa watu sita. Hupelekwa mara moja pembeni kwa kijana mwenye pumzi, naye huambaa na mstari mpaka karibu na kibendera cha kona, kisha huutia mbele ya lango. Nguvu ya mtindo huu ni kwamba ngome ya mpinzani hukutwa imegeuka, inakimbilia lango lake yenyewe, na mlinzi anayekimbilia lango lake hawezi kuuona mpira na mshambuliaji kwa wakati mmoja.

Dawa yake inajulikana. Kocha wa timu ngeni huwaamuru walinzi wake wasipande, akawarudisha na viungo wawili mbele yao, na nafasi iliyokuwa nyuma ya ngome ikatoweka. Mbio zinakosa pa kukimbilia. Hapo timu nyingi huongeza mbio zaidi, na kufikia dakika ya sitini mawinga wamekwisha choka na majalo yao yanaishia vichwani mwa walinzi warefu. Nyingine hufanya kinyume chake: huacha kabisa kile wanachokijua na kuanza pasi fupi fupi ambazo hawakupata kuzifanyia mazoezi. Sijui lipi kati ya makosa hayo ni baya zaidi. La pili huchosha macho ya mtazamaji.

Wamarekani wana kandanda yao ya kubeba mpira mikononi, na vyuo vyao vikuu huicheza mbele ya umati ambao viwanja vyetu havina nafasi ya kuuketisha. Vyuo vyao vya kijeshi, ambavyo kwa kawaida havipati vijana wenye maumbo makubwa kama ya wapinzani wao, vimeshikilia kwa miaka mingi mchezo wa kukimbia na mpira badala ya kuurusha. Mpinzani akirundika watu mbele ili azuie mbio, wao hawaachi kukimbia. Humwacha kwa makusudi mlinzi mmoja bila ya kumzuia, na mgawaji wa mpira humtazama huyo tu. Akimwandama mbebaji wa ndani, mpira unatoka nje. Akitoka nje, mpira unapita ndani. Maskini huyo hukosea kila anapochagua. Na walinzi wa nyuma wakishasogea kwenda kuwasaidia wenzao, ndipo mpira unaporushwa juu ya vichwa vyao. Kwa mchezo wa namna hiyo timu ya chuo cha West Point iliifunga Houston pointi 70 kwa 14 mwezi Desemba 2018.

Katika dimba letu maana yake ni kwamba winga asiachwe akimbie peke yake. Beki wa upande wake apande kwa nje, yeye mwenyewe aingie ndani, ili mlinzi mmoja awe na watu wawili wa kuwachunga na njia mbili za kukosea. Ngome iliyorudi nyuma kupita kiasi huacha uwazi mbele yake. Kwa hiyo anayefika kwenye mstari wa lango asipige juu, bali aurudishe mpira chini, nyuma, kwa kiungo anayekuja akitazama lango. Na mshambuliaji wa kati awe tayari kukimbia mbio zisizomletea mpira, ambazo kazi yake ni kumwondoa mlinzi mahali pake. Kazi hiyo haishangiliwi na mtu jukwaani, na ndiyo sababu ni ngumu kuifundisha.

Mambo haya yanahitaji watu waliozoeana, na hapo ndipo penye shida. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ilicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza msimu wa 2013/14, chini ya kocha Juma Mwambusi, ikiwa na vijana wasiokuwa na majina. Ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga na mbele ya Simba. Tarehe 13 Aprili 2014 Azam ilikuja uwanja wa Sokoine, ikashinda mabao 2 kwa 1 na kuondoka na ubingwa, katika msimu ambao haikufungwa hata mchezo mmoja. Baada ya hapo kila mpinzani aliijua Mbeya City. Kocha naye akachukuliwa na Yanga kuwa msaidizi. Nafasi ile ya tatu haikurudi, na mwaka 2023 timu ikashuka daraja, ikaja kupanda tena kwa msimu wa 2025/26.

Anayeng'ang'ania hewa aitazame Ihefu. Ubaruku, wilayani Mbarali, iko chini katika bonde la Usangu, kwenye mashamba ya mpunga na joto lake. Hapo hapo, tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu ilitanguliwa kwa bao na Yanga, ikasawazisha, ikashinda 2 kwa 1, na kuukata mfululizo wa michezo 49 ya Yanga ya kutofungwa. Oktoba 2023 ikairudia kwa mabao yale yale. Muda si mrefu timu ikahamishiwa Singida, na leo inaitwa Singida Black Stars. Wakulima wa Mbarali wamebaki na uwanja.

Iringa nayo ilikuwa na Lipuli, iliyochukua jina la ngome ya Mtwa Mkwawa kule Kalenga. Wahehe waliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891 kwa kuwavamia kwa mbio kutoka karibu. Wajerumani waliporudi mwaka 1894 na mizinga yao, walivikuta vikosi vile vile nyuma ya ukuta. Mei 2019 Lipuli iliitoa Yanga kwa mabao 2 kwa 0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, uwanjani Samora, na kwenye fainali mjini Lindi ikafungwa na Azam bao 1 kwa 0. Msimu uliofuata ikashuka.

Viongozi wa halmashauri, wa huko na wa kwetu, hupenda kukabidhi jezi na kupigwa picha. Winga na beki wa upande mmoja wakipewa mikataba ya miaka mitatu pamoja, na kocha akaachiwa nafasi ya kushindwa msimu mmoja, gharama yake haizidi ile ya kusajili watu wapya kumi kila mwaka.

Katika safari yangu hiyo nilitazama mchezo mmoja, timu sitaitaja. Ngome ya wageni ilikuwa imejikunyata mbele ya lango lake. Winga wa nyumbani alimvuta mlinzi wake ndani vizuri sana, akausukuma mpira nje, mahali ambapo beki wake alipaswa kuwa anapita. Beki huyo alikuwa na wiki tatu tu katika timu. Alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja, na mpira ukatoka polepole, ukavuka mstari.